Fungua Madirisha, Mama

Javadieh, Tehran
9 Aban

Behrang mwanangu,

Niwe fidia yako. Barua yako ya kwanza kutoka huko mpakani imefika na mchanga ndani yake. Nimeukung'utia kwenye sinia, nikamwonyesha mjomba wako Hedayat. Akasema, "Dada, mtoto amekutumia Zabol nzima kwa stempu moja." Simu jeshini wamewanyang'anya, basi tuandikiane. Baba yako Mungu amrehemu alinichumbia kwa barua, na mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku, lakini nilikubali.

Umeuliza habari za gari kabla ya kuuliza habari zangu. Nimeona. Sijakasirika. Paykan ni zima. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi naliwasha, linakohoa mara tatu kama babu yako, halafu linakubali. Nawapitia wasichana wangu wanne wa shule: Hasti, wale pacha wa Bwana Karami, na Tarlan wa Bi Sevil mshonaji, yule mdogo anayegombania kukaa nyuma katikati. Nawafikisha shuleni Moniriyeh wakiwa bado wanatafuna mkate.

Habari za mji ni hizo za eneo la hewa safi. Sasa wamekaza. Gari lisilo na stika ya ukaguzi likiingia katikati ya mji, kamera inalipiga picha na faini inakufuata nyumbani. Magari ya zamani wanayatazama kama mtu anavyotazamwa akiingia dukani na koti kubwa wakati wa kiangazi. Mjomba wako kila Ijumaa akija kula anaanza wimbo wake: "Mahrokh, peleka hilo kopo kwenye vyuma chakavu upumzike." Namwambia kopo ni kichwa chake.

Nimelipeleka kwenye ukaguzi, wamelipima, wamenipa stika. Ipo kwenye kioo. Kwa hiyo lala usingizi. Nilikuahidi utalikuta gari la baba yako ukimaliza jeshi, na utalikuta.

Vaa soksi mbili mbili.

Mama yako,
Mahrokh

*

Kituo cha mpakani, Zabol
20 Aban

Mama yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa lindoni juu ya mnara, nimeipa mgongo upepo. Huku hakuna mti, hakuna ukuta, kuna upepo na sisi. Wenzangu wananiita Fundi kwa sababu nimelitengeneza gari la kamanda kwa waya na kipande cha ngozi ya kiatu. Sasa kila kitu kikiharibika wananiletea, hata meno.

Samahani sikuuliza habari zako kwanza. U mzima? Goti je?

Hiyo stika imenifurahisha, ila nimeshangaa kidogo. Walilipandisha juu ya shimo wakaangalia chini ya gari, au walipima moshi tu? Niambie vizuri. Si kwamba nina shaka, nauliza tu kama fundi.

Jambo jingine. Unapoendesha, fungua madirisha, mama. Ya nyuma hasa. Hata kukiwa na baridi, acha nafasi ya vidole vitatu. Gari la zamani linahitaji kupumua. Na Tarlan asikae pale katikati, springi za kiti zimechoka, zitamchoma. Mweke mbele na wewe.

Usisahau madirisha.

Mwanao,
Behrang

*

Javadieh
2 Azar

Behrang, roho ya mama yako,

Nina jambo nimekuficha, na siwezi kula chakula changu vizuri mpaka nilitoe. Stika sikupewa. Walichomeka ule mpira wao kwenye ekzosi, wakatazama mashine, wakatazamana wao kwa wao. Kijana mmoja, umri wako hivi, akaniambia, "Mama, hili si gari. Hii ni sigara yenye magurudumu." Nikamwambia, "Na wewe ni mdomo usio na adabu." Lakini karatasi alishaandika: limeanguka. Chini hawakuangalia, hawakufika huko.

Ningefanya nini? Wasichana hawa ndio mkate wangu, na gari ndilo neno nililokupa wewe. Basi napita vichochoroni. Nimejua kila kichochoro kuanzia reli hadi Moniriyeh, najua paka wa kila mlango. Pale pasipokwepeka, penye kamera, naacha pindo la chadori yangu kuukuu, lile vazi la kujitanda, lining'inie nje ya buti, linafunika namba. Hasti ananiambia, "Anti Mahrokh, tumekuwa majambazi!" Wanacheka mpaka wanalia. Miaka hamsini nimekuwa mtu wa heshima, na sasa naiba njia kuwapeleka watoto shule.

Hewa imeharibika mno. Milima ina wiki nzima haijaonekana, jua ni kama yai lililochemshwa likasahaulika. Walifunga shule siku mbili, wakafungua. Wasichana wote wanaumwa kichwa asubuhi, na mimi pia. Pacha mmoja alitapika tukifika. Tarlan analala ndani ya gari kama mtoto mchanga, namwamsha getini kwa kumpulizia usoni. Nawapa chai ya sukari mawe kwenye chupa, inasaidia kidogo.

Nawe unaniambia nifungue madirisha! Wewe uko kwenye upepo, umeisahau Tehran. Redio kutwa inahubiri: fungeni madirisha, sumu iko nje. Sisi tumefunga yote na kuwasha hita. Hata ule mlango wa nyuma unaopitisha ubaridi nimeuziba ufa wake kwa kitambaa. Ndani mna joto kama bafu la umma. Tarlan bado anakaa katikati, hataki mbele, anasema mbele ni kwa wazee.

Sasa nimetubu kwako. Usimwambie mjomba wako.

Mama yako

*

Kituo cha mpakani
11 Azar

Mama,

Barua yako imenifikia leo. Ukipata hii, usiliwashe tena gari. Usiseme kesho, usiseme wiki ijayo. Siku hiyo hiyo.

Ni breki. Nilipoondoka zilikuwa zimeanza kuisha, nikasahau kukwambia. Zitakuacha njiani na watoto ndani. Wapeleke kwa basi, wapeleke kwa miguu, mwambie Bwana Karami awachukue. Toa kile kitambaa ulichozibia mlango. Toa leo.

Nimeomba kupiga simu, kamanda yuko Zahedan na hakuna mwingine wa kuruhusu. Kuna mwenzangu anakwenda mjini kesho kutwa, nitampa barua hii mkononi na namba ya mjomba Hedayat. Mama, nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba nikiwa mdogo.

Behrang

*

Javadieh
14 Azar

Behrang,

Mtu mmoja alimpigia mjomba wako jana, akasema gari lisiwashwe, breki mbovu, kisha simu ikakatika. Mjomba wako akanitazama, nami nikamtazama. Breki zilikuwa nzima. Na gari lilishasimama tangu tarehe tisa. Nakueleza sasa, na naeleza mara moja tu.

Asubuhi ile moshi ulikuwa umelala juu ya paa za nyumba. Tuliingia kichochoro cha nyuma ya maghala, tukakuta lori linapakua magunia ya mchele. Mbele lori, nyuma pikipiki na mikokoteni. Tulikaa. Niliacha injini inaunguruma kwa ajili ya hita. Nikaona pacha wamenyamaza, nikashukuru, maana walikuwa wamegombana tangu nyumbani. Kichwa changu kilikuwa kizito, nikafikiri ni usingizi. Hasti akasema, "Anti, Tarlan hataki kuamka."

Nikasema, "Mpulizie usoni."

Akasema, "Nimempulizia."

Nilifungua mlango nikaanguka magotini, miguu haikuwa yangu. Wapakuzi walikuja, wakawatoa watoto wakawalaza juu ya magunia. Nyumba nzima nzima za kichochoro zikatoka. Mwanamke mmoja akamwagia Tarlan maji, hakuna kitu. Nikasema ondoeni mikokoteni. Wakaondoa. Nikafungua milango yote minne, nikaifunga kwa kamba isirudi, nikamlaza Tarlan mbele kwenye paja la Hasti, pacha wakabaki na wale wanawake hadi gari la wagonjwa lilipokuja kuwachukua. Nikarudi kinyumenyume hadi barabara kuu. Chadori niliitupa. Nilipita njia ya mabasi, nikapita chini ya kamera tatu, milango inapigapiga kama mabawa, watu wananipigia kelele. Nilitaka kamera zinione. Nilitaka mtu yeyote anione.

Hospitalini daktari alimtazama, akapima damu yake, akanijia. "Huyu mtoto alikuwa ndani ya gari au ndani ya ekzosi?"

Nikamwambia ni hewa ya mji.

"Hewa ya mji hata mimi ninaivuta," alisema. "Hii ni ya gari lako."

Wote wamewekewa oksijeni. Hasti na pacha walirudi nyumbani siku ya pili. Tarlan alilala siku mbili bila kumjua mama yake. Siku ya tatu aliomba maji. Sasa anakaa, anaongea, lakini mkono wa kulia unatetemeka na kalamu inamponyoka, na jedwali la mara la saba, alilokuwa akituimbia kila siku, halimo tena kichwani. Daktari anasema tusubiri. Huenda litarudi.

Bi Sevil alinibusu mikono, Behrang. Ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyemkimbiza mwanawe hospitali, na kwamba ningechelewa robo saa tusingekuwa na la kusubiri. Alinibusu mikono mbele ya watu, nami nikaiacha ibusiwe.

Mjomba wako alikuja akang'oa kiti cha nyuma, akainua kapeti. Chini yake palikuwa na tundu la upana wa sahani, kutu tupu, juu ya bomba la ekzosi kabisa. Lilikuwa limezibwa kwa bati lililopigwa ribiti vizuri na kupakwa rangi nyeusi, na bati limeachia upande mmoja. Nilijua papo hapo. Baba yako. Alikuwa mtu wa kufunika mambo: ugonjwa wa moyo alinificha mwaka mzima, na hili pia alilifunika akatuachia. Nimekwenda makaburini, Behesht-e Zahra. Wanawake wengine wanamwaga maji ya waridi juu ya makaburi ya waume zao. Mimi nilisimama nikamwambia maneno ambayo hata alipokuwa hai sikumwambia. Nilimwambia, Esfandiar, umetaka kuua mtoto wa watu.

Gari nimelipeleka kwenye vyuma chakavu. Nilisimama kutazama hadi mwisho. Najua nilikuahidi. Sikuombi radhi.

Mama yako

*

Kituo cha mpakani
25 Azar

Mama,

Siyo baba. Ni mimi.

Ilikuwa kiangazi, wiki tatu kabla sijaja huku. Baba alikuwa ameshatutoka miezi mitano. Nilikuwa chini ya gari nabadilisha mafuta, nikabonyeza sakafu kwa bisibisi, ikaingia. Fundi wa gereji aliniambia sakafu nzima ikatwe, ichomelewe upya, na hata hivyo gari lenye sakafu kama hiyo halipiti ukaguzi popote. Akasema, "Lizike na marehemu mwenyewe." Nilirudi nyumbani nikaona kofia ya baba bado iko juu ya dashibodi. Nikachukua bati la kopo la mafuta ya kupikia, nikalikata, nikalipiga ribiti, nikalipaka rangi, nikarudisha kapeti. Wewe ulikuja na chai, ukasema, "Una mikono ya baba yako." Nikanywa chai.

Nilijiambia ni la muda, nitakuja kulitengeneza. Nilijiambia mama ataendesha madirisha wazi. Nilitaka nikirudi nilikute, mama, nikae pale alipokuwa anakaa yeye. Ni hilo tu. Nilijua la madirisha, nilijua la kiti cha katikati, na nilipoandika breki nilijua si breki. Nilikuwa na maneno mawili ya kukuandikia: kuna tundu. Badala yake nikakuandikia upepo na meno ya wenzangu.

Nenda ukamwambie baba.

Behrang

*

Javadieh
6 Dey

Nimeisoma.

Nimekwenda makaburini kumwomba baba yako radhi. Kulikuwa na theluji juu ya jiwe, nikaifuta kwa mkono wangu.

Kwako leo sina neno. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mahrokh

*

Kituo cha mpakani
15 Dey

Mama,

Umesema nisiandike, nami naandika. Wamenipa likizo ya siku kumi kuanzia mwanzo wa mwezi wa Bahman. Nataka niende mwenyewe kwa Bi Sevil, nisimame mlangoni kwake, aniambie anachotaka kuniambia. Ukisema nisije, nitabaki huku. Nasubiri neno lako, hata kama ni moja.

Tarlan anaendeleaje? Hilo nijibu hata kama mengine hujibu.

Behrang

*

Javadieh
24 Dey

Behrang,

Jedwali la saba limerudi hadi saba mara sita. Mkono bado.

Kwa Bi Sevil nilishakwenda, kabla barua yako haijafika. Hukuwa wewe wa kwenda. Bati lilikuwa lako, lakini uongo wa stika ulikuwa wangu, chadori yangu, na kile kitambaa cha kuziba ufa nilikikunja kwa mikono yangu nikakisukuma kwa kisu cha mezani ili kisitoke. Barua yako inayosema fungua madirisha ilikuwa mfukoni mwangu wakati nakisukuma.

Nilimkuta anashona. Sikukaa. Nilimwambia yote kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma somo, na yeye hakuondoa mguu kwenye cherehani hadi nilipofika kwenye bati. Hapo akasimamisha.

Akasema, "Nilikubusu mikono."

"Ndiyo."

"Mbele ya mama mkwe wangu. Na wewe ukaniachia nikubusu."

"Ndiyo, Bi Sevil."

"Leo umekuja kunitua mzigo mimi, au kujitua wewe?"

Nilianza kulia, akainua kidole. "Usilie hapa. Hapa anayelia ni mimi. Pale getini kwa shule kila asubuhi yanasimama magari kumi na moja ya kuchukua watoto, na yote yalizaliwa kabla ya watoto hao. Umeinua makapeti yao?"

Nikasema hapana.

"Basi unafanya nini nyumbani kwangu?" Akageuza uso, cherehani ikaanza tena.

Kesho yake nilikwenda getini na tochi ya mjomba wako. Wewe unawajua madereva wale. Tumekunywa nao chai miaka. Waliponiona nimepiga magoti nyuma ya gari la kwanza wakaanza. "Karibu, mkaguzi mkuu!" Mwingine: "Dada Mahrokh, anzia kwa waziri, sisi tutakuja baadaye!" Mzee Yadollah ndiye aliyecheka kuliko wote, akaniinulia kapeti mwenyewe kwa madaha kama mtu anayefungua pazia la jukwaa. "Haya, tazama, usafi wa msikiti mtupu!" Nikaweka kidole changu, kikazama. Nikamwambia naye aweke chake. Akaweka, akagusa bomba, likamuunguza. Alikwenda akaketi ukingoni mwa barabara, akavua kofia. Ana wajukuu wawili katika gari lile.

Tangu hapo hakuna anayecheka. Siku ya pili nilipata tundu jingine, dogo, limezibwa kwa gundi na gazeti. Wengine wameanza kuinua wenyewe kabla sijafika. Mzee Yadollah ameuacha usukani, sasa anatembea nami kuwapeleka watoto hadi kituo cha metro, kumi na wawili, tumewashikisha kamba moja ili wasipotee. Polepole tunafika. Tukichelewa, mwalimu anatuandika.

Kuhusu wewe. Sijakusamehe, na sijui kusamehe kwa mtoto wako mwenyewe kunaanza wapi na kunaishia wapi. Labda siku moja nitaamka na kukuta kumekwisha. Lakini njoo. Njoo na nguo za kazi. Kuna magari ambayo mwanamke mwenye goti bovu hawezi kuingia chini yake, na wewe unajua mahali pa kubonyeza. Kwa Bi Sevil usiende mpaka akuite. Asipokuita, usiende.

Nimalizie la leo, kwa sababu nataka ulijue kama lilivyokuwa. Limebaki gari moja, jeupe, la yule bwana mwenye masharubu anayechukua watoto wa upande wa bustani. Siku tatu ananikatalia. Leo alitoa kichwa dirishani akasema kwa sauti, ili wazazi wote wasikie, "Mwanamke aliyempeleka mtoto wa watu karibu na kaburi ndiye anifundishe mimi gari?" Hakusema uongo. Nilizima tochi nikageuka kuondoka.

Bi Sevil alikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amemleta Tarlan shuleni, siku yake ya kwanza tangu augue. Tarlan alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba ndege. Sikujua kama niwasalimie. Nilisimama tu na magoti yangu meusi.

Alivuka barabara. Hakunisalimu. Akasema, "Umemaliza?"

"Bado moja. Amekataa."

"Lipi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akalitazama lile gari jeupe, akawatazama watoto watano waliokuwa ndani, madirisha yamefungwa, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zao. Akamkabidhi Tarlan kwa mwalimu getini, akamfunga vizuri kifungo cha juu. Kisha akaichukua tochi mkononi mwangu.

"Twende wote," akasema.

Mama yako,
Mahrokh